Itifaki za kuvuka matabaka katika mitandao pasiwaya: njia nne, na ipi ikufae

TCP, itifaki inayofikisha data nyingi za intaneti na kutuma upya zilizopotea, ilipowekewa udhibiti wa msongamano mwaka 1988, ilijengwa juu ya dhana moja: pakiti ikipotea, basi mahali fulani foleni imefurika, kwa hiyo mtumaji apunguze mwendo. Kwenye waya dhana hiyo ni sahihi karibu kila mara. Hewani hali ni nyingine. Pakiti hupotea kwa sababu mtu amepita kati ya antena mbili, au kwa sababu kifaa cha jirani kimezungumza kwenye chaneli ileile, huku foleni zote zikiwa tupu. TCP haioni tofauti. Inapunguza mwendo pale ambapo ilitakiwa irudie tu.

Hasara yake inahesabika. Kanuni ya Mathis na wenzake ya mwaka 1997 inasema TCP ya aina ya Reno, toleo lake la jadi, haizidi takribani 1.22 × ukubwa wa segimenti (kipande cha data kinachotumwa mara moja) ÷ (muda wa kwenda na kurudi × kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu). Chukua segimenti ya baiti 1,460 na muda wa kwenda na kurudi wa milisekunde 100. Upotevu ukiwa 1%, mkondo mmoja unakomea 1.4 Mb/s hivi, hata kama redio ina uwezo wa 300 Mb/s. Upotevu ukiwa 0.01%, mkondo huohuo unafika 14 Mb/s. Yaani ukipunguza mara mia upotevu unaoonekana na TCP, kasi inapanda mara kumi.

Hapo ndipo usanifu wa kuvuka matabaka unapoingia. Mtandao umepangwa kwa matabaka, redio na fremu zake chini, IP na njia katikati, TCP juu: tabaka moja linajua jambo ambalo jingine haliwezi kulikisia, basi taarifa inavushwa mpaka. Lakini kuna namna tofauti kabisa za kuivusha, na gharama zake hazifanani hata kidogo. Hapa tunalinganisha nne, tukianza na ile inayogusa kidogo zaidi.

| Njia | Kinachobadilishwa | Unachopaswa kumiliki | Inapovunjika |
|---|---|---|---|
| Kila tabaka lijitengeneze | Urudiaji wa fremu, algoriti ya TCP | Upande mmoja tu | Ucheleweshaji unapandapanda |
| Ishara ndogo kupitia mpaka | Namba au biti chache | Kifaa kimoja, au vyote vinavyofuata kiwango kimoja | Ishara ikichakaa au ikidanganya |
| Mpatanishi katikati ya njia | Kisanduku kinachosoma TCP | Sehemu ya njia ambayo pakiti zote hupitia | Usimbaji (IPsec, QUIC), kuhama kituo |
| Matabaka kuunganishwa | Redio, ratiba na njia kwa pamoja | Kila kifaa mtandaoni | Kifaa kigeni kikiingia |

Pima kabla ya kuchagua

Wengi huchagua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Kwenye Linux amri mbili zinatosha kuanza. `iw dev wlan0 station dump` inaonyesha kwa kila kituo idadi ya fremu zilizorudiwa (`tx retries`), zilizoshindikana kabisa (`tx failed`) na, kwa baadhi ya draiva (programu za kuendesha redio), kasi inayotarajiwa (`expected throughput`). `ss -ti` inaonyesha kwa kila mkondo wa TCP thamani za `rtt` (muda wa kwenda na kurudi), `minrtt` (mfupi zaidi uliopimwa), `cwnd` (dirisha la kutuma) na `retrans` (zilizotumwa upya). Zisome wakati mtandao una mzigo. Usiku mtandao ukiwa mtupu kila kitu huonekana kizuri.

Ukiona fremu zinarudiwa sana lakini zilizoshindikana ni karibu sifuri, ujue redio inauficha upotevu vizuri na TCP haina la kulalamikia. Unachopoteza ni muda wa hewani. Zilizoshindikana zikipanda, upotevu unavuja hadi juu. `rtt` ikiwa mara ishirini ya `minrtt` huku `retrans` ikiwa ndogo, tatizo ni foleni ndefu, na hakuna itifaki mpya ya njia itakayolitatua. Na kama kasi ya wote inaanguka pindi kituo kimoja cha mbali kinapojiunga, hilo ni suala la mgawanyo wa muda wa hewani. Tahadhari moja: chipu ambazo programu yake ya ndani hurudia fremu zenyewe huenda zisiiripoti hesabu hiyo kwa kerneli, kiini cha Linux, kwa hiyo sifuri kwenye `tx retries` isikupe imani ya haraka.

Njia ya kwanza: kila tabaka lijitengeneze

Hii haihesabiwi na wengi kuwa ya kuvuka matabaka, lakini ndiyo mizani ya kupimia nyingine zote. Redio inarudia fremu yenyewe hapohapo bila kungoja TCP. Kiwango cha 802.11, ndicho cha Wi-Fi, kinaweka kikomo cha kawaida cha 7 kwa fremu fupi na 4 kwa fremu ndefu zinazotanguliwa na RTS, ombi fupi la kutuma. Ikiwa kila jaribio linashindikana kwa 30%, majaribio 7 yanayojitegemea yanaacha upotevu wa 0.02% tu. TCP inaona njia safi. Gharama ni muda wa hewani, kwani kila fremu inatumwa wastani wa mara 1.43, na ucheleweshaji unaotofautiana kati ya pakiti na pakiti.

LTE, mtandao wa simu wa 4G, inafuata mantiki hiyohiyo kwa makusudi zaidi. Mnara huchagua kasi ambayo takribani 10% ya majaribio ya kwanza ya kutuma yatashindikana, kisha HARQ, urudiaji wa haraka wa redio yenyewe, inarudia baada ya milisekunde 8. Kulenga makosa 0% kungelazimisha kasi ndogo mno. Juu yake, tabaka la RLC, linalosimamia urudiaji wa ngazi inayofuata, lina hali mbili zinazotuhusu: ile inayohakikisha kila kitu kimefika, kwa data, na ile isiyohakikisha, kwa sauti, kwa sababu neno lililochelewa kwenye simu halina faida tena. Jedwali la QCI, madaraja ya huduma ya LTE, limeyaandika haya waziwazi: QCI 1 ya sauti inavumilia upotevu wa 1% na ucheleweshaji wa milisekunde 100, QCI 9 ya data ya kawaida inavumilia milisekunde 300 lakini upotevu wa moja kwa milioni tu.

Kosa la kawaida ni kuongeza kikomo cha urudiaji hadi 20 au 30 kwa kudhani kitasaidia. Fremu moja iliyokwama inazuia zote zilizo nyuma yake, kwa kuwa tabaka la kiungo hujitahidi kuzifikisha kwa mpangilio. Saa ya TCP inaisha, TCP inatuma upya pakiti ambayo bado iko kwenye foleni ya redio, na sasa hewani kuna nakala mbili. Pia kumbuka kwamba fremu za kutangaziwa wote hazirudiwi kabisa kwenye Wi-Fi, na hutumwa kwa kasi ya chini ya msingi. Jambo hili litatusumbua tukifika kwenye njia za meshi, mitandao ambamo ruta hupokezana pakiti hewani.

Upande wa juu, unaweza kubadilisha algoriti ya mtumaji. BBR ya Google, iliyotoka 2016, haichukulii upotevu kuwa ishara kuu. Inakadiria kasi ya kiungo chembamba na muda mfupi zaidi wa kwenda na kurudi. Unaiwasha kwenye seva tu: `sysctl net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr`. Mpokeaji habadilishwi. Kwa mwenye seva asiyemiliki mtandao wa mwisho, hii ndiyo chaguo la kwanza na mara nyingi la pekee. Hata hivyo, tumia kerneli ya baada ya marekebisho ya 2019. Kabla yake BBR ilidhoofika kwenye Wi-Fi kwa sababu thibitisho za kupokea hufika kwa mafungu, si moja moja, na hesabu yake ya dirisha ilikuwa haijaliwekea nafasi hilo.

Njia ya pili: ishara ndogo kupitia mpaka

Kwa maoni yetu faida kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo iko hapa. Matabaka yanabaki yalivyo, ila namba moja au biti chache zinaruhusiwa kupita. Angalia mifano iliyodumu: ama ishara inavuka ndani ya kifaa kimoja, ama imeandikwa kwenye kiwango ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Yenye kudai makubaliano mapya kati ya vifaa vya watu mbalimbali imebaki kwenye karatasi za utafiti.

Mfano bora wa ndani ya kifaa kimoja ni mgawanyo wa muda wa hewani. Kanuni ya asili ya 802.11 inawapa vituo nafasi sawa za kutuma fremu, si muda sawa. Fremu ya baiti 1,500 kwa 54 Mb/s inachukua milisekunde 0.22, kwa 6 Mb/s inachukua milisekunde 2. Vituo viwili vikipokezana, kila kimoja kinapata 5.4 Mb/s, bila kuhesabu muda wa kusubirishana na wa thibitisho. Cha haraka kimeshushwa hadi kiwango cha cha polepole, jambo ambalo Heusse na wenzake walilieleza mwaka 2003. Ukigawa muda badala ya fremu, cha polepole kinapata 3 Mb/s na cha haraka 27. Jumla inatoka 10.8 hadi 30. Kazi iliyochapishwa mwaka 2017 na Toke Høiland-Jørgensen na wenzake ilifungua njia ya mgawanyo huu kwenye mac80211, sehemu ya Linux inayoendesha Wi-Fi: tabaka la foleni linaambiwa na redio kila fremu imekula muda kiasi gani, na linapanga zamu kwa hesabu hiyo. Hakuna biti hata moja iliyobadilika hewani.

Ndani ya msimbo huohuo kuna kitu kidogo cha kukitazama kwa karibu. CoDel, yenye jukumu la kufupisha foleni, kwa kawaida ina shabaha ya milisekunde 5 na dirisha la milisekunde 100. Kituo cha 1 Mb/s kinahitaji milisekunde 12 kwa pakiti moja tu ya baiti 1,500. Foleni ya pakiti mbili tayari ni milisekunde 24, na CoDel ingekuwa inaangusha pakiti bila sababu. Kwa hiyo mac80211 inaanza na shabaha ya 20, na kasi inayotarajiwa ya kituo ikiwa chini ya 6 Mb/s ikizidishwa kwa idadi ya vituo, shabaha inapandishwa hadi milisekunde 50 na dirisha hadi 300. Namba inatoka kwa kidhibiti cha kasi cha redio, inaenda kwa kidhibiti cha foleni, mwelekeo ni mmoja, na thamani ziko mbili tu. Huo ndio ukubwa wa ishara unaofaa kuigwa.

Mfano wa pili unaenda kinyume, kutoka mahitaji ya redio kwenda TCP. Linux huizuia TCP isiweke data nyingi kwenye foleni za chini. Kikomo cha kawaida ni takribani milisekunde moja ya data. Kwa waya ni sawa. Lakini Wi-Fi ya 802.11n na zilizofuata hufunga fremu nyingi pamoja kabla ya kutuma, hadi 64 kwenye 802.11n, na isipokuwa na data ya kutosha mkononi inatuma mafungu membamba, kasi inaporomoka. Ndiyo maana mac80211 inaieleza TCP kwamba kwa mikondo inayoanzia kwenye kifaa hicho kikomo kiwe sekunde moja iliyogawanywa kwa 128, yaani karibu milisekunde 8. Ukiandika draiva au kuunda foleni yako, ukaiona Wi-Fi yako inatuma haraka kwa UDP na polepole kwa mkondo mmoja wa TCP, anzia hapa.

Ishara zilizoandikwa kwenye viwango ni chache, na kila moja ina mtego wake. ECN, ya RFC 3168 mwaka 2001 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), inatumia biti mbili za kichwa cha IP: ruta iliyosongamana inaweka alama badala ya kuangusha pakiti. Kwenye Linux `net.ipv4.tcp_ecn` kwa kawaida ni 2, yaani kubali ukiombwa. Iweke 1 ili kifaa kiombe chenyewe. Wengi hudhani ECN inamwambia mtumaji kwamba upotevu usio na alama ni wa redio. Haimwambii hivyo. Pakiti ikipotea TCP inapunguza mwendo vilevile; ECN inapunguza tu idadi ya pakiti zinazoangushwa na foleni.

Alama za DSCP, biti sita za kichwa cha IP zinazotaja aina ya huduma, ni kisa kingine. Wi-Fi ina madaraja manne: sauti, video, kawaida na ya nyuma. Vifaa vingi huchukua biti tatu za mwanzo za DSCP kuamua daraja. Sauti ya simu za mtandao huwekewa alama 46, ambayo kwa biti ni 101110. Biti tatu za mwanzo ni 101, yaani 5, na 5 ni daraja la video. Simu zako zinapanga foleni pamoja na video na hakuna onyo popote. RFC 8325 ya mwaka 2018 inataka 46 ipelekwe kwenye 6, daraja la sauti. Kwenye hostapd, programu ya kuendesha kituo cha Wi-Fi, mpangilio unaitwa `qos_map_set`. Jozi `46,6` inatangulia kama kighairi, kisha zinafuata safu nane za 0 hadi 7. Kituo kisichoelewa ramani hiyo kitaendelea na mazoea yake kikituma, kwa hiyo kagua pande zote mbili. Wala usipeleke data nzito kwenye daraja la sauti ukidhani utaiharakisha: dirisha lake la kusubiri ni 3 hadi 7 tu, dhidi ya 15 hadi 1,023 la kawaida, na vituo vichache vikishindana humo vinagongana mfululizo.

Kwa meshi, ishara yenye thamani ni ubora wa kiungo unaopelekwa kwa itifaki ya njia. Itifaki inayohesabu miruko tu hupenda mruko mmoja mrefu na dhaifu. ETX, idadi ya majaribio inayotarajiwa hadi pakiti ifike, ya De Couto na wenzake mwaka 2003, ni 1 ÷ (uwezekano wa kufika × uwezekano wa thibitisho kurudi). Mruko mmoja wenye 0.5 na 0.6 una ETX 3.33. Miruko miwili yenye 0.95 pande zote ina 1.11 kila mmoja, jumla 2.22. ETX inachagua miwili, na iko sahihi.

Lakini ETX haijui kasi. Linganisha kiungo safi cha 6 Mb/s, ETX 1, na miruko miwili ya 54 Mb/s yenye ETX 1.1 kila mmoja. ETX inachagua cha kwanza. Kipimo cha muda wa hewani cha 802.11s, kiwango cha meshi za Wi-Fi, kinapima fremu ya biti 8,192: mikrosekunde 1,365 kwa njia ya kwanza, dhidi ya takribani 334 kwa ya pili, kabla ya kuongeza gharama za kudumu za kila fremu. Tofauti ni mara nne. Kama redio zako hubadilisha kasi zenyewe, na karibu zote hufanya hivyo, tumia kipimo chenye kasi ndani yake.

Hapa ndipo zile fremu za kutangaziwa wote zinaporudi. Jumbe za kujitambulisha za itifaki za njia kama OLSR hutumwa kwa kasi ya chini na kusikika mbali. Data inatumwa kwa kasi ya juu na haifiki. Jedwali la njia linasema jirani yupo, pakiti zinapotea. Ama pima ubora kwa fremu zinazoelekezwa kwa jirani mmoja, ama pandisha kasi ya kutangaza ilingane na ile unayoitegemea kwa data.

Ruta na redio zikiwa visanduku viwili tofauti, DLEP ya RFC 8175 inabeba taarifa kati yao: kasi ya sasa, ucheleweshaji, ubora wa kiungo. Hakikisha mapema kwamba modemu yako inaizungumza.

Njia ya tatu: mpatanishi katikati

Mwaka 1995 zilitoka kazi mbili zilizoweka msingi. I-TCP ya Bakre na Badrinath inakata mkondo vipande viwili kwenye kituo cha redio, waya upande mmoja na hewa upande wa pili. Snoop ya Balakrishnan na wenzake haikati: kituo kinatunza nakala za segimenti, kikiona thibitisho zinajirudia kinatuma upya chenyewe na kuzizuia zisimfikie mtumaji. Snoop inaheshimu ahadi ya TCP ya mwisho hadi mwisho. I-TCP haiheshimu, kwa sababu mtumaji anathibitishiwa data ambayo mpokeaji hajaipata bado. Kisanduku kikizimika, data hiyo imepotea na mtumaji ana hakika imefika.

Kwa Wi-Fi na LTE za leo, Snoop haiongezi kitu cha maana, kwani redio zenyewe zinarudia fremu. Kukata mkondo bado kuna mahali pake: setilaiti zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 35,786, ambako kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Kwa kiungo cha 20 Mb/s na milisekunde 600, inabidi baiti milioni 1.5 ziwe safarini, karibu segimenti 1,027. TCP ikianza na segimenti 10 na kujizidisha mara mbili kila mzunguko inahitaji mizunguko 7, yaani sekunde 4.2 kabla ya kujaza njia. Ukurasa mwingi wa wavuti umeshaisha kabla ya hapo. Mpatanishi anaondoa kusubiri huko.

Kinachomuua ni usimbaji. TLS inaacha kichwa cha TCP wazi, kwa hiyo kukata kunawezekana. IPsec, usimbaji wa ngazi ya IP, inakificha. QUIC, itifaki mbadala wa TCP iliyotolewa kama RFC 9000 mwaka 2021, inasimba karibu taarifa zote za usafirishaji, na mpatanishi anaona UDP tu. Ukinunua kifaa cha aina hii leo, pima kwanza ni sehemu gani ya data yako ni QUIC au VPN. Sehemu hiyo haitanufaika. Na watumiaji wakihama kituo hadi kituo, hali ya kila mkondo lazima ihame nao, la sivyo mikondo inakatika.

Njia ya nne: kuunganisha matabaka

Mafanikio makubwa ya njia hii yako ndani ya mnara wa simu. Kila simu hutuma ripoti ya ubora wa chaneli, katika LTE ni namba kutoka 0 hadi 15, na mpangaji wa zamu kila milisekunde anachagua nani ahudumiwe. Kanuni ya haki ya uwiano inagawanya kasi inayowezekana sasa kwa wastani ambao mtumiaji ameupata. Simu A ina wastani wa 20 Mb/s na sasa inaweza 24: uwiano 1.2. Simu B ina wastani wa 2 na sasa inaweza 5: uwiano 2.5. B inahudumiwa, kwa kuwa hii ndiyo saa yake nzuri. Mtandao unavuna kupandashuka kwa mawimbi badala ya kupigana nako. Limewezekana kwa sababu maamuzi yote yanafanyika kwenye kisanduku kimoja.

Ukitawanya jambo hilo kwenye nodi nyingi, mambo yanakuwa magumu ghafla. Kanuni ya shinikizo la nyuma ya Tassiulas na Ephremides, 1992, inathibitika kufikia uwezo wote wa mtandao: tuma pale ambapo tofauti ya foleni ikizidishwa kwa kasi ya kiungo ni kubwa zaidi. Lakini inataka foleni ya kila kikomo cha safari katika kila nodi, na mzigo ukiwa mdogo pakiti hutangatanga kwa kukosa foleni ya kuzisukuma. Kutafuta ratiba bora huku viungo vikiingiliana nako ni hesabu nzito mno kwa mtandao mkubwa. Isome kwa ajili ya kuelewa. Usiisimike ikiwa huna timu ya kuitunza.

Mtandao wa vihisi wenye TSCH, yaani ratiba ya vipande vya muda na kuhama chaneli, ni jambo jingine, kwa sababu vifaa vyote ni vyako. Muda umekatwa vipande vya milisekunde 10, ratiba na chaneli vinajulikana, redio inalala nje ya zamu yake. Hesabu ya uwezo ni rahisi ila inasahaulika. Ratiba ya vipande 101 inajirudia kila sekunde 1.01. Nodi yenye kipande kimoja cha kutuma, kiungo chake kikiwa na ETX 1.5, inapitisha pakiti 0.66 kwa sekunde. Programu ikituma moja kwa sekunde, foleni inajaa ndani ya dakika chache na pakiti zinaanguka bila redio kuwa na kosa lolote. Ipe vipande viwili. Nodi iliyo jirani na lango, inayobeba data za wengine kumi, ipe kwa hesabu ya wote. MSF, kanuni ya kupanga ratiba ya RFC 9033, inafanya hivi yenyewe: matumizi yakizidi 75% inaongeza kipande, yakishuka chini ya 25% inapunguza.

Vidhibiti viwili vikishikana

Mwaka 2005 Kawadia na Kumar walitoa onyo ambalo bado linastahili kusomwa kabla ya kila mradi wa aina hii. Walionyesha redio inayobadili kasi ikifanya kazi na itifaki ya miruko michache. Kila moja peke yake ni nzuri. Pamoja, itifaki inachagua miruko mirefu, redio inashusha kasi ili kuifikia, na matokeo ni mabaya kuliko redio isiyobadili chochote.

Chanzo ni vidhibiti viwili vinavyoshika kitu kimoja kwa mwendo unaokaribiana. Dawa ni mbili. Tenganisha nyakati: kidhibiti cha nje kiwe na mwendo wa polepole angalau mara kumi kuliko cha ndani. Redio ikibadili kasi kila sehemu ya kumi ya sekunde, kipimo cha njia kisichukue thamani ya papo hapo, kichukue wastani wa sekunde kadhaa. Pili, weka pengo la kubadilisha uamuzi. RPL, itifaki ya njia ya vihisi, ikitumia kanuni ya MRHOF haihami mzazi (jirani wa kupitishia data) mpaka mpya awe bora kwa zaidi ya 192, sawa na ETX 1.5, kwa kuwa ETX huko huandikwa ikiwa imezidishwa kwa 128. Ukilipunguza pengo hilo hadi karibu na sifuri, nodi zitabadili wazazi mfululizo, na kila badiliko linazaa jumbe za udhibiti zinazokula muda wa hewani uleule uliotaka kuuokoa.

Kwa hali yako

Una seva tu: BBR, basi. Una ruta ya Wi-Fi yenye watumiaji wengi: chagua kifaa chenye draiva inayotumia foleni za mac80211 pamoja na mgawanyo wa muda wa hewani, kisha rekebisha ramani ya DSCP. Ukiona ucheleweshaji bado ni mkubwa, foleni imejificha ndani ya chipu. Kikomo cha AQL, cha muda wa hewani wa data inayoruhusiwa kusubiri ndani ya chipu, kwenye `/sys/kernel/debug/ieee80211/phy0/aql_txq_limit` kinaanzia mikrosekunde 5,000 na 12,000 kwa kila daraja, na hakikisha draiva yako inakitii.

Meshi ya ruta chini ya mia: kipimo chenye muda wa hewani, na wastani wa polepole. Setilaiti ya mbali: mpatanishi, baada ya kuhesabu QUIC na VPN. Vihisi vyako mwenyewe: TSCH na RPL, ratiba ikihesabiwa kwa ETX iliyopimwa mahali vitakapokaa. Ukiwa na kundi la vifaa vya watengenezaji mbalimbali usiowadhibiti, njia ya nne iondoe mezani kabisa.

Washa badiliko moja kwa wakati, na pima ucheleweshaji chini ya mzigo pande zote mbili, kupakia na kupakua kwa pamoja. Jaribio la RRUL la programu ya Flent limetengenezwa kwa hilo. Kisha jaribu ishara ikikosekana. Zima draiva inayoitoa, au isimamishe kwa sekunde 30, uone tabaka linaloitegemea linafanya nini. Kila thamani inayovuka mpaka iwe na muda wa kuisha, na muda huo ukipita tabaka lirudi kwenye thamani ya kawaida iliyo salama. Kasi ya 54 Mb/s iliyosomwa dakika mbili zilizopita, kituo kikiwa kimeshahamia nyuma ya ukuta, inafanya madhara zaidi kuliko kutokuwa na namba kabisa.